Usukani mgumu

Usukani mgumu (pia stelingi nzito) ni hali ambapo dereva wa gari analazimika kutumia nguvu nyingi kuliko kawaida ili kugeuza magurudumu ya mbele. Ni dalili inayoweza kuletwa na hitilafu nyingi, kuanzia upepo mdogo wa tairi hadi kuharibika kwa pampu. Kwa hiyo chanzo hutafutwa kwa hatua kabla ya kubadilisha kipuri chochote.

Hali hii ni hatari zaidi kwenye barabara za milima. Mfano ni wilaya za Kasulu na Kibondo katika mkoa wa Kigoma, Tanzania, ambazo zina vilima na miteremko mingi. Sehemu kubwa ya barabara ya Kigoma–Kasulu–Kibondo–Nyakanazi ilikuwa ya udongo na changarawe kwa miaka mingi, kabla ya kuwekwa lami hatua kwa hatua. Njia nyingi za kwenda vijijini bado ni za udongo: masika huwa na tope na kiangazi huwa na vumbi. Vyote viwili huharibu viungo vya usukani.

Jinsi usukani unavyofanya kazi

Usukani huzungusha shafti iliyounganishwa na raki, kama ilivyo katika gari nyingi ndogo, au boksi la stelingi, kama ilivyo katika Toyota Land Cruiser za toleo la 70. Kutoka hapo fito husukuma magurudumu kupitia viungo vyenye umbo la mpira vinavyoitwa tairodi.

Gari nyingi zina pawa stelingi, yaani msaada wa kupunguza nguvu ya mikono. Gari la kwanza la abiria kuuzwa na msaada huo lilikuwa Chrysler Imperial ya mwaka 1951 nchini Marekani. Katika mfumo wa oili, mara nyingi pampu huzungushwa na injini kwa mkanda. Katika mfumo wa umeme, mota ndogo hufanya kazi hiyo.

Sababu

* Upepo mdogo katika tairi za mbele, au tairi pana kuliko zilizopendekezwa.
* Oili ya pawa stelingi kupungua, kuchafuka, au kuwa ya aina isiyofaa.
* Mkanda wa pampu kulegea au kuchakaa.
* Pampu, raki au boksi kuchakaa kwa ndani.
* Tairodi, bolijointi au krosi ya shafti kukauka grisi au kupata kutu. Mara nyingi mpira wa kiungo hupasuka kwanza, kisha maji na vumbi huingia.
* Beringi za kisigino cha gurudumu kuharibika, hasa katika gari zenye ekseli nzima mbele kama Land Cruiser 70. Beringi hizo ziko juu na chini kila upande, na hukakamaa zikikosa grisi au zikikazwa kupita kiasi.
* Alaimenti kuharibika baada ya gari kugonga shimo.
* Katika mfumo wa umeme: betri dhaifu, fyuzi iliyokatika, au hitilafu ya mota au sensa.

Uchunguzi

Hatua ya kwanza ni kupima upepo tairi zikiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko, ambacho mara nyingi huwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kisha hukaguliwa kiasi cha oili, uvujaji na mkanda. Mkanda uliolegea mara nyingi hulia usukani unapokatwa hadi mwisho. Pampu ikivuma na oili ikitoa povu, kuna hewa ndani ya mfumo.

Iwapo hayo yote ni sawa, magurudumu ya mbele huinuliwa mahali tambarare na gari huegemezwa kwenye stendi imara, si jeki pekee. Injini ikiwa imezimwa na usukani haujafungwa kwa ufunguo, usukani huzungushwa taratibu. Ukiwa bado mgumu au ukikwama mahali fulani, tatizo liko kwenye viungo, beringi, shafti, raki au boksi. Fundi hutenganisha fito ili kujua kama ugumu uko upande wa magurudumu au upande wa usukani. Ukizunguka kwa ulaini, lakini ukawa mgumu gari likishushwa na injini ikiwaka, hitilafu huwa katika msaada wa oili au wa umeme.

Marekebisho

Oili huongezwa kwa aina iliyotajwa na mtengenezaji, baada ya kuziba uvujaji. Kuongeza oili bila kuziba kunachelewesha tatizo tu. Ili kutoa hewa, magurudumu yakiwa juu na injini imezimwa, usukani huzungushwa taratibu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine huku oili ikiongezwa, mpaka mapovu yaishe. Kiungo kilichopata kutu hubadilishwa, kisha alaimenti hupimwa upya. Beringi za kisigino husafishwa au kubadilishwa, hutiwa grisi mpya na kukazwa kwa kipimo.

Usalama

Baadhi ya madereva huzima injini kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Injini ikizimika, pampu ya oili husimama: magurudumu bado hugeuka, lakini kwa nguvu nyingi. Msaada wa breki nao huisha baada ya kukanyaga mara chache. Ufunguo ukichomolewa, usukani unaweza kujifunga kabisa.

Gari ambalo usukani wake umekuwa mgumu ghafla, au unakwama, halifai kuendelea na safari. Husimamishwa pembeni na kukaguliwa kabla ya mteremko unaofuata.