Parke, Mlima na Wenyeji Wake

Sisi watu wa Uvira, tukisikia neno parke, tunafikiri mambo ya mbali: Virunga, Serengeti, ao Gombe iliyo ng'ambo ya ziwa letu, kule Tanzania, ambako Jane Goodall alianza kuchunguza sokwe mwaka 1960. Kumbe wanyama tuko nao hapa hapa. Viboko wa Rusizi hawaombi viza ya kuvuka mpaka wa Burundi. Usiku wanatoka majini kula majani, na mtoto wa Kavimvira anajua mapema kwamba mtu hasimami kati ya kiboko na maji.

Lakini parke yenyewe ilitoka wapi? Mwaka 1925 Wabelgiji walianzisha Parke Albert, ndiyo Virunga ya leo. Mwaka 1970 ikafuata Kahuzi-Biega, karibu na Bukavu, kwa ajili ya kulinda gorila. Wageni walitoka Ulaya, wakapanda mlima kwa miguu, na waliowaonyesha nyayo za gorila walikuwa Batwa, wenye kuujua msitu ule tangu mababu. Mwaka 1975 parke ikapanuliwa kutoka kilometa za mraba 600 hivi hadi 6,000. Batwa wakafukuzwa bila malipo. UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia mwaka 1980, na mwaka 1997, wakati wa vita, ikaiweka kati ya urithi ulio hatarini. Basi mgeni alilipa apate kuingia msituni, na mwenye msitu akabaki nje.

Tazama sasa milima iliyo nyuma yetu, Itombwe. Huko ndiko alikopatikana mwaka 1951 bundi mmoja ambaye wataalamu walimwita kwa jina la Prigogine. Hakushikwa tena hadi 1996. Mwaka 2006 serikali ilitangaza Itombwe kuwa hifadhi, na wenyeji hawakuulizwa. Babembe, Barega, Banyindu, Bafuliiru, Banyamulenge na Batwa wanaishi mule. Watu walikataa, maana habari ya Kahuzi waliijua. Ikabidi kukaa chini na wazee, kijiji kwa kijiji, nao wakaonyesha mashamba, malisho, makaburi na mahali pa kuwinda. Mwaka 2016 mipaka ikawekwa upya, pakatengwa sehemu za kulindwa kabisa na sehemu za watu kulima na kufuga.

Hatusemi kwamba Itombwe imepona. Bunduki na machimbo havisomi ramani. Lakini mpaka uliochorwa bila mwenyeji unalindwa na askari tu, na askari akiondoka, unakufa. Mpaka ambao mzee ameuonyesha kwa kidole chake, mjukuu atauuliza na kuukumbuka.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukipanda kwenu mlimani, andika majina ya mito, vilima na misitu jinsi wazee wanavyoyataja. Siku ramani nyingine itakapoletwa, tusikutwe hatuna la kuonyesha.