Kwa Mhindi, RTC, Kwa Mangi

Mtu wa Kilosa akikuelekeza njia hasomi kibao. Atakuambia ufike kwa Mhindi, kisha ukate kulia. Mhindi mwenyewe huenda aliondoka zamani, na pale sasa panauzwa simu.

Majina ya namna hiyo yalikuja na reli. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, na wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu wakaifuata, stesheni kwa stesheni. Huku kwetu mashamba ya mkonge yaliwapa wateja, hasa siku za mshahara. Duka likaitwa kwa asili ya mwenye nalo.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 zikaja herufi. RTC, yaani kampuni ya biashara ya mkoa, ikawa jina la jengo, halafu jina la foleni. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ikataka maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, ya ushirika yashike nafasi yao. Bidhaa zikaadimika, amri ikalegezwa. Wazazi wetu wanakumbuka kwamba aliyeaga "naenda Ushirika" aliweza kurudi na kikapu kile kile, kitupu.

Biashara ilipoanza kufunguliwa mwaka 1984, watu binafsi walirudi kaunta kwa wingi, na taratibu tukampata Mangi. Mangi ni cheo cha mtawala wa Wachaga. Utawala wa machifu ulifutwa mara baada ya Uhuru, cheo kikahamia dukani! Leo hata Mvidunda akifungua duka la rejareja pale Mikumi, kando ya barabara ya Iringa, watoto watamwita Mangi, naye ataitika.

Sisi tunaotunza hesabu za chama jambo hili limetuaibisha. Katika orodha ya michango ya mwaka jana wamo watu watatu walioandikwa "Mangi", basi. Fedha zao tumezipokea, stakabadhi hatukuweza kuwaandikia. Tulimpigia simu mwenzetu aliyekusanya. Kwa mmoja wao amekopa unga na mafuta miaka mingi, lakini jina lake halijui. Jina la mkopaji limo katika daftari la duka. La mwenye duka sisi hatukuwahi kuliuliza.

Fomu ya mwaka huu ina nafasi mbili: jina kamili, na jina la dukani. Wakusanyaji, tafadhali jazeni zote mbili.