Mizani ya Pamba na Kipimo cha Dereva



Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya umoja wetu, wenzangu wamekwisha kueleza habari za mavuno, maghala na fedha. Mimi nimepewa kazi ya kuandika historia ya jambo ambalo kwa kawaida huzungumzwa pembeni tu, baada ya mkutano kufungwa. Jambo hilo ni ulevi wa madereva wachukuao mazao yetu na watu wetu, na njia ambazo mataifa yamezitumia kuupima. Nawaomba msome hadi mwisho, maana historia hii inatugusa sisi wa Mkolani kuliko inavyodhaniwa.

Yafaa tuanzie nyumbani. Wazee wetu wa Usukuma walipokuwa wakipeleka pamba sokoni katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili, manung'uniko yao hayakuwa juu ya bei peke yake, bali juu ya mizani pia. Mnunuzi ndiye aliyekuwa mwenye mizani, ndiye aliyeisoma, na ndiye aliyeandika. Mkulima, ambaye mara nyingi hakujua kusoma, aliambiwa uzito wa pamba yake, akapokea fedha, akaenda zake. Wakulima wakadai upimaji wa haki, wakaweka watu wao wa kuhakikisha uzito. Kutokana na madai hayo pamoja na mengine, vikaenea vyama vya ushirika katika Jimbo la Ziwa, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya Victoria, lililojulikana sana kwa herufi V.F.C.U., makao yake Mwanza, chini ya uongozi wa Bwana Paul Bomani. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982. Lakini fundisho la mizani halikuvunjika. Fundisho lenyewe ni kwamba mali ya watu wengi haiwekwi mikononi mwa mtu mmoja kwa neno "niamini" tu. Hupimwa mbele ya macho ya wote.

Sasa tutazame barabara. Kwa miaka mingi, katika nchi karibu zote, ulevi wa dereva ulipimwa kwa macho na kwa pua. Askari alimnusa mtu, akamwambia atembee juu ya mstari, akasikiliza kama ulimi unateleza. Mlevi mzoefu alisimama wima akaachiliwa, na mgonjwa au mchovu aliyeyumba akashitakiwa. Upimaji wa namna hiyo ulifanana na ule wa mnunuzi wa pamba wa zamani, kwa kuwa aliyepima ndiye aliyejua peke yake alichokiona.

Mwanzo wa mabadiliko ulikuwa katika maabara. Mnamo mwaka 1922 mtaalamu wa Sweden, Erik Widmark, alieleza njia ya kupima kileo katika matone machache tu ya damu. Mwaka 1936 Norway ikawa nchi ya kwanza kuweka katika sheria kiasi maalumu cha kileo ambacho dereva hakuruhusiwa kukipita. Kisha mwaka 1954 Robert Borkenstein, aliyekuwa mtu wa polisi katika jimbo la Indiana, Marekani, akatengeneza chombo cha kupima pumzi. Kazi yake si ya uchawi. Kileo kikiisha kuingia katika damu hupita kwenye mapafu, na sehemu yake hutoka pamoja na pumzi. Ukiijua pumzi, waweza kukadiria damu bila kumchoma mtu sindano.

Uingereza ilifuata kwa sheria ya mwaka 1967, iliyoletwa na waziri wa usafiri, Bibi Barbara Castle. Dereva aliombwa kupuliza katika kijibomba chenye chembe za dawa za rangi ya manjano. Zikigeuka kijani kupita alama, alipelekwa kituoni kwa kipimo kamili. Kikomo kiliwekwa kuwa miligramu 80 za kileo katika mililita 100 za damu. Watu wengi walilalamika kwamba uhuru wao umeingiliwa. Lakini mwaka 1966 watu 7,985 walikuwa wamekufa katika barabara za nchi ile, na mwaka 1968 idadi ikashuka hadi 6,810. Hizo ni roho zaidi ya elfu moja katika mwaka mmoja.

Marekani iliendelea mbele zaidi kwa wafanyakazi wa usafiri, na ilifika huko kwa njia ya msiba. Tarehe 4 Januari 1987, mahali paitwapo Chase, katika jimbo la Maryland, vichwa vya treni vya kampuni ya mizigo vilipita taa za kusimamisha, vikaingia katika njia ya treni ya abiria. Watu 16 walikufa. Vipimo vilionyesha kwamba dereva wa vichwa vile na msaidizi wake walikuwa wamevuta bangi. Mwaka 1991 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuwapima kileo na dawa za kulevya wafanyakazi wa ndege, treni, malori na mabasi. Hupimwa dawa kabla ya kuajiriwa, hupimwa kwa kushtukizwa, hupimwa baada ya ajali, na hupimwa wakionekana na dalili. Aliyekosea hawezi kurudi katika usukani mpaka achunguzwe na mtaalamu na apimwe tena. Dereva wa lori kubwa huko hawekewi kikomo cha 80. Akifika 40 ni marufuku kuendesha, kwa kuwa chombo kizito chadai akili timamu zaidi.

Nchi yetu nayo haikukaa kimya. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilikataza kuendesha chombo kwa ulevi wa pombe au dawa, na kikomo chake cha jumla kwa dereva ni miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Askari wa usalama barabarani huwapima madereva wa mabasi katika vituo vikubwa kabla ya safari, hasa zikaribiapo sikukuu. Walakini lori la mazao halianzi safari yake katika kituo kikubwa. Huanzia ghalani kijijini, alfajiri, mahali ambapo hakuna askari wala kipimo.

Kuhusu alfajiri hiyo, hesabu ifuatayo yafaa kukumbukwa na kila mwanachama. Mwili wa mtu huondoa kileo polepole, kwa wastani wa miligramu kama 15 kila saa. Kahawa haiharakishi, wala kuoga maji baridi, wala supu ya moto. Dereva aliyeacha kunywa saa sita usiku akiwa na miligramu 160, saa kumi na moja alfajiri atakuwa amepunguza 75 tu. Zimebaki 85. Amelala, ameoga, amevaa shati safi, anasalimia vizuri, na bado amepita kikomo cha sheria. Jicho la karani wa ghala haliwezi kuiona 85 hiyo, lakini chombo cha pumzi chaweza.

Serikali imepambana pia na vileo vyenyewe. Pombe kali za pakiti ndogo za plastiki, zile tulizoziita viroba, zilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Zilikuwa za bei ndogo, tena zikifichika kwa urahisi katika mfuko wa shati. Mirungi, ambayo huuzwa kwa halali katika nchi ya Kenya, kwetu ni dawa iliyokatazwa, na sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti dawa za kulevya yaihusu. Wako madereva waitafunao ili wasilale. Mirungi huwakopesha macho tu. Deni la usingizi hubaki, na hudaiwa ghafula kwenye kona. Yatupasa kujua pia kwamba chombo cha pumzi hupima kileo, hakionyeshi bangi wala mirungi. Na kipimo cha mkojo chaweza kuonyesha bangi iliyovutwa siku nyingi zilizopita, wakati mvutaji hana tena ulevi. Kwa hiyo kipimo cha dawa ni kazi ya wataalamu wa afya, si ya karani.

Majirani zetu wa Kenya wametuachia fundisho jingine. Mwezi Desemba 2013 walianza kutumia barabarani kipimo kilichojulikana kwa jina la Alcoblow. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilizitengua kanuni zilizotumika, kwa kuwa hazikupatana na Sheria ya Trafiki yenyewe. Chombo kilikuwa kizuri, lakini mguu wake wa kisheria ulikuwa umepinda. Nasi tukitaka kupima, yatubidi kwanza kuandika masharti, kuyapitisha katika mkutano mkuu, kuyaonyesha kwa mwanasheria, na kila dereva akubali kwa mkono wake kabla ya kuajiriwa.

Tena kuwa na kipimo si sawa na kukifuata. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, katika ziwa letu hili, na watu zaidi ya 220 wakafa. Ulevi siutaji hapo. Nautaja msiba huo kwa sababu uwezo wa kivuko kile ulikuwa umepimwa na kujulikana, yaani abiria 101, na siku ile kilibeba watu wengi kupita hesabu hiyo. Namba iliyoandikwa isipofuatwa haimwokoi mtu.

Basi, turudi Mkolani. Barabara kuu itokayo mjini Mwanza kwenda Shinyanga yapita kwetu, na stendi ya Nyegezi iko jirani. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, limeondoa kungojea kivuko kwa waendao Geita. Hiyo ni neema kubwa, ila dereva aliyezoea kupumzika akingojea kivuko sasa hana mahali pa kusimama isipokuwa apangiwe.

Najua neno ambalo madereva watasema: "Mwatutukana, mwatuona walevi." Swali hilo ni la haki na ladai jibu. Mkulima alipodai mizani ya haki hakumtukana mnunuzi mwaminifu. Alimlinda, kwa kuwa baada ya hapo hakuna aliyeweza kumsingizia. Vivyo hivyo kipimo humlinda dereva safi siku ya ajali. Ila kipimo cha haki kina masharti yake. Kiwahusu wote, na mwenyekiti, meneja na katibu wapulize kabla ya kushika usukani wa gari la umoja. Kirudiwe baada ya dakika chache, kama ilivyo kawaida ya kurudia mzigo kwenye mizani. Matokeo yaandikwe katika daftari, na mwenyewe aonyeshwe. Anayekutwa na kosa mara ya kwanza asimamishwe safari na asaidiwe, asitupwe. Wala tusimwagize dereva safari mbili kwa usiku mmoja, kisha tukashangaa anatafuna majani. Na mwanachama amnunuliaye dereva bia ili mzigo wake upakiwe kwanza, ajue kwamba juu ya magunia hayo huenda mwanawe ameketi.

Chombo cha pumzi hununuliwa mara moja, tena hakina budi kukaguliwa kila baada ya muda ili kisidanganye, kama tufanyavyo kwa mizani zetu. Katika mwaka huu wa kumi, naomba mkutano mkuu ukiweke ghalani, kando ya mizani, navyo vyote viwili visomwe mbele ya watu. Wazee wetu walidai kilo zao zihesabiwe kwa haki. Sisi tudai kwamba azichukuaye kilo hizo, pamoja na roho zilizo juu yake, awe na akili timamu.