Zawadi ya Ahali: Chemshabongo ya Kiingereza katika Televisheni ya China

Mchezo wa Who Wants to Be a Millionaire?, uliozaliwa Uingereza mwezi Septemba 1998, humweka mtu peke yake mbele ya maswali 15, na katika kila hatua humtaka aamue kama atatosheka na fedha aliyokwisha kuipata au ataitia hatarini kwa kutumaini zaidi. CCTV, televisheni ya taifa ya China, ilipoanzisha Kaixin Cidian, yaani Kamusi ya Furaha, mwaka 2000, ikichukua mfano wa mchezo huo, iliazima ngazi ya maswali, mtangazaji anayekabiliana na mtahiniwa ana kwa ana, na ruhusa ya kumpigia rafiki simu au kuitaka hadhira rai yake. Lakini ile milioni haikuichukua. Badala yake mtahiniwa alitaja matakwa ya ahali zake, aghalabu vyombo vya nyumbani, na hivyo ndivyo alivyovishindania.

Wako wanaolihesabu badiliko hili kuwa pambo la kuuficha uigaji, au hila ya kuiridhisha serikali isiyopenda kuona ukwasi wa ghafla ukitukuzwa hadharani. Mimi naona limeugeuza mchezo wenyewe. Mwingereza anayesitasita hupigana na tamaa ya nafsi yake, na akishindwa, hasara ni yake. Bali Mchina aliyeulizwa na mtangazaji Wang Xiaoya, kwa sauti yake ya upole, kama ana yakini na jibu lake, alikuwa na jokofu la mama au kompyuta ya ndugu mdogo mikononi mwake, na kila sekunde ya ukimya wake ilikuwa amana ya mtu mwingine. Hali hiyo haikuwa ngeni katika nchi ambayo mtihani wa kifalme, hata ulipofutwa mwaka 1905, ulikuwa umezifundisha nyumba kwa karne nyingi kutundika matumaini yao juu ya kijana mmoja, na ambayo mtihani wa kuingia vyuo vikuu, uliorejeshwa mwaka 1977, uliyatundika tena.

Kwa sababu hiyo nawaonea shaka wale wanaoyaeleza mambo haya yote kwa neno moja, utamaduni. Hutolewa ushahidi wa The Weakest Link, mchezo wa BBC wa mwaka 2000 ambao wachezaji hushirikiana kukusanya fedha na papo hapo hupigiana kura ya kufukuzana, kisha mtangazaji akamwaga aliyetolewa kwa maneno makali. Toleo lake la China bara halikupata kupendwa kama Kaixin Cidian, na ikasemwa kwamba Wachina hawastahimili kuvunjiana heshima mbele ya watu. Lakini Hong Kong, ambako Carol Cheng aliuongoza mchezo huo huo katika TVB mwaka 2001, watazamaji waliufuata kwa shauku, nao ni Wachina vilevile.

Fauka ya hayo, mwaka 2012 televisheni ya mkoa wa Jiangsu ilileta Yi Zhan Dao Di, kutoka katika mfumo wa Israeli, ambao anayekosa jibu hufunguliwa sakafu chini ya miguu yake akatumbukia shimoni, wakati mwingine kabla hajamaliza kupiga ukelele. Hapana fedheha iliyo dhahiri kuliko hiyo, na hata hivyo kipindi kilipata umaarufu mkubwa. Tofauti, kwa rai yangu, haimo katika ukali wa adhabu bali katika mwenye kuitoa: katika The Weakest Link mchezaji hutolewa na wale wale aliowachumia fedha, hata akiwa amewazidi kwa maarifa, na maarifa yake hayamfai kitu, lakini mbele ya sakafu ya Jiangsu hapana mwenzi awezaye kumwangusha kwa kura, maana hukumu hutoka kwenye swali, na anayelijua jibu hubaki amesimama.