Besiboli: namna vyuo vya Marekani vinatafuta warushaji na wapigaji

Muzazi wa Kirungu akiambiwa eti mtoto wake ana mkono wa nguvu na burse ya Marekani inamungoja, aulize kwanza: burse ya mchezo gani, na nani anaitoa? Upande huu wa ziwa Tanganyika watu wanajua mpira wa miguu na basketi. Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi alipitia basketi kufika chuo kikuu cha Kentucky, na mwaka 2022 alitajwa mchezaji bora wa vyuo vya Marekani. Besiboli ni njia nyingine, nayo ina vipimo vyake.

Katika mchezo huu mrushaji anasimama mita 18.44 mbele ya mpigaji, anatupa mpira mgumu wa ngozi wenye gramu 142 hadi 149, na mpigaji anajaribu kuupiga kwa fimbo. Kazi hizo mbili hazifanani, kwa hiyo antrenere hawatafuti kwa jicho moja.

Mrushaji anapimwa kwa mashine ya radari. Kijana wa miaka 17 anayefika kilomita 145 kwa saa, vyuo vya daraja la kwanza vitamtazama. Lakini kasi peke yake haitoshi. Anapaswa kuuweka mpira pale anapotaka, awe na mitupo ya namna mbili ao tatu, na bega lake liwe zima. Anayetumia mkono wa kushoto anatafutwa zaidi, maana ni wachache.

Kwa mpigaji wanaangalia mpira unatoka kwenye fimbo kwa kasi gani, na kama anajua kuacha mipira mibaya ipite. Wanamupima mbio za mita 55 hivi. Chini ya sekunde 7 ni nzuri. Tena wanauliza: akimaliza kupiga, atalinda wapi uwanjani? Mtu wa kupiga tu hapati nafasi kwa urahisi.

Jirani Uganda wamekwisha kuanza. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa ekipe ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto kule Pennsylvania. Mwaka mmoja mbele, ekipe nyingine ya Uganda ilikuwa imeshinda nafasi hiyo hiyo ikanyimwa viza, kwani tarehe za kuzaliwa kwenye karatasi hazikupatana. Hilo linagusa sana majimbo ya mashariki, ambako watoto wengi hawakuandikishwa kwenye biro ya serikali walipozaliwa. Mkono mzuri bila cheti cha kuzaliwa cha kweli unabaki nyumbani.

Dennis Kasumba, mdakaji wa Uganda, alijulikana kwa video za mazoezi yake na matairi ya zamani. Mwaka 2023 alicheza Frederick, jimbo la Maryland, katika ligi ya vijana wanaotafuta kuchaguliwa na ekipe kubwa. Mwaka 2022 Ben Serunkuma na Umar Male walitia sahihi na Los Angeles Dodgers. Hiyo si njia ya chuo: anayetia sahihi mkataba wa kulipwa katika besiboli anapoteza ruhusa ya kuucheza chuoni. Familia ichague ikiwa inajua.

Burse nayo mara nyingi si nzima. Kwa miaka mingi chuo cha daraja la kwanza kilikuwa na burse 11.7 tu za besiboli, zikigawanywa vipande kwa ekipe yote. Tangu msimu wa 2025-2026, vyuo vilivyoingia katika mapatano mapya vinaweza kulipia wachezaji wote, lakini wasizidi 34. Vyuo vya miaka miwili vya daraja la juu vina hadi burse 24, na kwa mgeni asiyejulikana mara nyingi huo ndio mlango wa karibu.

Mlango wenyewe unafunguliwa na masomo: matokeo ya sekondari, diploma ya Serikali iliyotafsiriwa, na mtihani wa Kiingereza. Chuo kikimkubali mwanafunzi kinamutumia fomu I-20, na bila fomu hiyo hapati viza ya masomo kwenye ambasade, Kinshasa. Antrenere wa chuo haombi makuta kwa muzazi ili amupe mtoto nafasi. Anayeyaomba kwa simu, akitaka yatumwe leo leo, aombwe jina la chuo na anwani ya barua pepe ya chuo chenyewe, kisha chuo kiandikiwe moja kwa moja.