Aliyeiona theluji ya Kibo, na aliyeikataa akiwa London

Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilipaswa kuwa kipara kufikia mwaka 2020. Ndivyo tulivyoambiwa Oktoba 2002, pale Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, na wenzake walipoandika katika jarida la Science kwamba hali ikiendelea vile vile, barafu ya Kilimanjaro itamalizika kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imekuja na kupita. Anayeamka Moshi asubuhi isiyo na mawingu bado anaiona kule juu, imekonda na kuraruka kama shuka kuukuu, lakini ipo.

Na kwa kuwa ipo, maneno hayakosi. Si walisema itaisha? Basi na mengine yote wanayotuambia kuhusu tabianchi ni yale yale. Nimelisikia swali hilo mara nyingi, nikaona nirudi nyuma nitazame barafu hii ilianza lini kubishaniwa. Nimekuta kwamba kabla watu hawajabishana kama inapungua, walibishana kwanza kama ipo.

Nimeegemea maandishi mawili. La kwanza ni kitabu cha mmisionari Ludwig Krapf kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1860, ambacho ndani yake zimo kumbukumbu za safari za mwenzake, Johannes Rebmann. La pili ni makala ya wanasayansi Philip Mote na Georg Kaser ya mwaka 2007, nitakayoifikia baadaye.

Rebmann alikuwa Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza, akaishi Rabai, nyuma kidogo ya Mombasa. Mwishoni mwa Aprili 1848 aliondoka huko kwenda Uchagani, akiwa na watu wachache, mwavuli wake, na kiongozi wa msafara aitwaye Bwana Kheri. Mkuu wa ngome ya Mombasa alikuwa ameshamwonya asithubutu kuupanda mlima ule. Una majini. Waliopanda zamani waliuawa na majini hao, mikono na miguu ikakakamaa, na hata baruti ilikataa kulipuka. Rebmann aliyasikia hayo na kutikisa kichwa, baadaye akayaelewa. Mtu aliyekakamaa mikono na miguu juu ya mlima mrefu hahitaji jini.

Asubuhi ya Mei 11 aliona kitu cheupe juu ya kilele, akadhani ni wingu. Akamuuliza Bwana Kheri. Bwana Kheri akamjibu kwa neno moja: baridi.

Hakusema theluji. Kiswahili cha pwani wakati ule kilikuwa na haja gani na neno theluji? Alitaja jambo lenyewe kama lilivyomfikia mwilini, na kwangu mimi hiyo ndiyo taarifa ya kwanza ya kisayansi kuhusu barafu ya Kilimanjaro iliyoandikwa mahali, tena ilitolewa kwa lugha yetu. Rebmann aliandika pia hadithi aliyoipata huko Uchagani, kwamba Mangi Rungua wa Machame alipata kutuma watu wapande wakaangalie kile cheupe ni nini, kwa tamaa kwamba huenda ni fedha. Walikwenda wengi, akarudi mmoja, tena akiwa ameharibiwa na baridi. Kwa maneno mengine, Wachagga walikwishafanya utafiti wao na kuulipia kwa roho za watu kabla Mzungu hajafika.

Habari ya Rebmann ilichapishwa London mwaka 1849 katika gazeti la wamisionari, na hapo ndipo alipozuka William Desborough Cooley.

Cooley alikuwa msomi wa jiografia, tena si wa kubezwa. Alijua mengi kuhusu Afrika kupita Waingereza wengi wa siku zake: alisoma maandishi ya Kireno na ya Waarabu, na alipata kumhoji Mswahili wa pwani, Khamis bin Uthman, aliyefika London katika miaka ya 1830. Ila Afrika yenyewe hakuwahi kuikanyaga. Akiwa mezani kwake alikuwa ameshaichora ramani ya bara letu, na katika ramani hiyo hapakuwa na nafasi ya theluji karibu na Ikweta. Kwa hiyo hapakuwa na theluji. Aliandika kwamba Rebmann amedanganywa na macho yake na mawazo yake. Krapf naye akaiona Kilimanjaro Novemba 1849 akiwa safarini kwenda Ukambani, na mwezi uliofuata akauona Mlima Kenya ukiwa mweupe vile vile. Cooley hakutikisika. Mwaka 1852 alitoa kitabu kizima kuhusu Afrika ya ndani na kuendelea kuwaponda wamisionari hao.

Ugomvi huu ulidumu zaidi ya miaka 12. Mwaka 1861 Karl Klaus von der Decken, tajiri wa Kijerumani, alipanda sehemu ya mlima akiwa na mwanajiolojia Mwingereza Richard Thornton. Mwaka uliofuata alirudi na Otto Kersten, wakafika kiasi cha meta 4,300, na usiku theluji ikawaangukia. Sasa walikuwapo watu wa vipimo, wenye vyombo na hesabu zao. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa Decken nishani ya dhahabu. Cooley alikataa tena. Huyo Decken, alidai, ameona kilichomfaa kukiona.

Nimekaa na kisa hiki kwa sababu kinanisumbua. Tunazoea kusema watu hawaamini kwa kuwa wamefichwa ushahidi. Cooley hakufichwa chochote. Aliyoandika Rebmann yalichapishwa, pamoja na tarehe na majina ya waliokuwapo. Na katika wasomi waliorushiana maneno London, sijakuta aliyependekeza aulizwe Bwana Kheri.

Yaliyofuata yanajulikana na kila aliyesoma historia shuleni. Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni, na Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu anakumbukwa kuwa ndiye aliyewaongoza. Mwaka 1912 Wajerumani Eduard Oehler na Fritz Klute walipanda na kamera, na picha zao zikazaa ramani inayoonyesha barafu yenye eneo la kilometa za mraba 12 hivi. Mwandishi Hemingway akaandika hadithi yake ya theluji ya Kilimanjaro mwaka 1936, watalii wakaja, hifadhi ikaundwa mwaka 1973, na UNESCO ikautia mlima katika urithi wa dunia mwaka 1987.

Januari na Februari 2000 ndipo alipofika Thompson na mitambo yake. Alitoboa barafu mahali sita, hadi kwenye mwamba, akitoa magogo membamba ya barafu, refu kuliko yote likikaribia meta 51. Wapagazi wetu waliyateremsha mlimani yakiwa yamefungwa yasiyeyuke, yakasafirishwa hadi Columbus, Ohio, na kuhifadhiwa katika vyumba vya baridi. Yalipopimwa, Thompson alisema barafu ya chini kabisa ina umri wa miaka 11,700, na kwamba ndani yake kuna alama ya ukame mkubwa wa miaka 4,000 iliyopita. Umri huo hakuusoma moja kwa moja kwenye barafu, bali kwa sehemu kubwa aliupata kwa kulinganisha mchoro wake na wa mawe ya pango la Soreq, Israeli. Wapo wenzake ambao hadi leo hawajaridhika na hesabu hiyo.

Februari ile ile, Douglas Hardy wa Chuo Kikuu cha Massachusetts alisimamisha juu ya barafu ya kaskazini kituo cha hali ya hewa kinachojiendesha chenyewe. Kituo hicho ndicho kilicholeta utata. Kilionyesha kwamba pale juu wastani wa joto ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Barafu isiyofikia sifuri inayeyukaje?

Hapa ndipo wanapoingia Mote na Kaser. Kaser, wa Chuo Kikuu cha Innsbruck, Austria, alikuwa ameshaandika na wenzake mwaka 2004 kwamba barafu ya Kibo inakufa kwa kiu kuliko kwa homa. Jua huipiga, nayo hugeuka mvuke bila kupitia kuwa maji, na theluji mpya ya kuziba pengo haianguki ya kutosha tangu Afrika Mashariki ilipokauka ghafla kuanzia miaka ya 1880. Ndiyo maana barafu ile ina kuta zilizosimama wima kama nyumba. Katika makala yao ya 2007 walisema wazi kwamba joto la dunia ni la kweli na barafu nyingi duniani zinayeyuka kwa sababu yake. Ila Kibo ni mfano mbaya wa kulieleza jambo hilo.

Onyo hilo lilikuja wakati filamu ya tabianchi ya mwanasiasa wa Marekani Al Gore, ya mwaka 2006, imeshaizungusha Kibo duniani kote kama shahidi namba moja. Serikali ya Uingereza ilipotaka kuisambaza filamu hiyo katika shule za sekondari, dereva mmoja wa lori kutoka Kent, ambaye pia alikuwa mjumbe wa bodi ya shule, akaenda mahakamani. Oktoba 10, 2007, Jaji Burton wa Mahakama Kuu alisema filamu kwa jumla iko sawa, lakini akataja mambo 9 yasiyokubaliana na msimamo wa wanasayansi walio wengi. Theluji ya Kilimanjaro ilikuwa mojawapo. Siku mbili baadaye Gore alitangazwa mshindi wa Nobeli ya Amani pamoja na IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi. Kwa hiyo mlima wa Wachagga ulijadiliwa mbele ya jaji wa London, kwa kesi ya dereva wa Kent dhidi ya waziri wa Uingereza. Cooley angefurahi.

Kilichouma zaidi kilitoka miaka miwili baadaye. Novemba 2009 mtu ambaye hadi leo hajajulikana aliiba barua pepe zaidi ya 1,000 za Kitengo cha Utafiti wa Tabianchi cha Chuo Kikuu cha East Anglia, Norwich, wiki chache kabla ya mkutano wa tabianchi wa Copenhagen. Dunia ilizisoma. Mkuu wa kitengo hicho, Phil Jones, alionekana akikwepa kutoa takwimu zake kwa wanaompinga. Mmoja wao, Jones alikwishamjibu mwaka 2005 kwamba kwa nini ampe, ikiwa nia yake ni kutafuta kasoro. Tume zilizoundwa ziliona kwamba sayansi yake haikughushiwa, ila zikamlaumu yeye na chuo chake kwa kutokuwa wawazi. Chuo kililazimika kuachia takwimu za vituo zaidi ya 5,000 Julai 2011.

Katika fungu la pili la barua hizo, lililotoka Novemba 2011, limo swali aliloulizwa Jones mwaka 2004 kuhusu Kilimanjaro. Jibu lake lilikuwa kwamba amemsikia Thompson akizungumzia vipimo vya joto vya huko, ambavyo wao hawana njia ya kuvipata, na havikuonyesha ongezeko kubwa. Ila barafu, akaongeza, inaondoka. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akitunza rekodi ya joto la dunia nzima. Na yeye alikuwa nje ya mlango. Mkanada Steve McIntyre, aliyetoka katika biashara ya migodi na ndiye aliyemwandama Jones kuliko wote, alikuwa akimlaumu Thompson kwa jambo lile lile kuhusu barafu ya Tibet: matokeo tumesoma, takwimu kamili ziko wapi?

Tangu hapo mambo yamelegea kidogo. Takwimu za magogo ya Kibo zimewekwa katika hazina ya NOAA, shirika la bahari na angahewa la Marekani, na mwenye intaneti anaweza kuzipakua bure. Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilisema barafu zote za Afrika Mashariki zinaweza kuisha ifikapo miaka ya 2040, na mwaka uliofuata UNESCO ikasema 2050. Tarehe mpya zimetolewa. Tutazisubiri kama tulivyoisubiri ile ya 2020.

Mimi nadhani Thompson alikosea kutaja mwaka, na nadhani wanaomwamini Cooley mpya wa kila zama wanakosea zaidi. Katika bishano lote hili kitu kimoja hakijawahi kupata mpinzani wa maana, nacho ni ramani ya mwaka 1912. Thompson na Kaser waliogombana juu ya sababu waliitumia ramani hiyo hiyo, kwa kuwa yeyote anaweza kupiga picha nyingine na kupima upya. Hiyo ndiyo sayansi ambayo hata mpagazi aliyeteremsha magogo yale anaweza kuikagua kwa macho yake, na wapagazi wa Marangu na Machame wamekuwa wakiikagua kwa miaka mingi bila kuombwa maoni.

Ombi langu kwa hifadhi ni dogo, wala halihitaji mfadhili. Katika lango la Marangu, ambako wanafunzi wetu huletwa kuuona mlima wao, kiwekwe kibao cha Kiswahili chenye eneo la barafu kwa kilometa za mraba. Mwaka 1912: 12. Mwaka 2000: kama 2.5. Mwaka 2011: 1.76. Na chini yake iachwe nafasi tupu, ya kuandikia vipimo vijavyo.