Makumbusho ya Mütter
Makumbusho ya Mütter ni makumbusho ya tiba yaliyoko Philadelphia, Marekani, chini ya Chuo cha Madaktari cha mji huo. Yalianza na vielelezo vilivyotolewa na daktari mpasuaji Thomas Dent Mütter mwaka 1858, yakafunguliwa 1863.

Ukutani yamepangwa mafuvu 139 yaliyokusanywa na mwanaanatomia Josef Hyrtl wa Vienna, aliyepinga dhana kwamba umbo la fuvu hufichua akili. Droo za daktari Chevalier Jackson zina zaidi ya vitu 2,000 alivyovitoa kooni na mapafuni mwa wagonjwa: pini, vifungo, sarafu, hata beji ya kumsifu mwanafunzi kwa mahudhurio.

Mna pia ini la Chang na Eng, pacha walioungana kutoka Siam, na mifupa ya Harry Eastlack, aliyefariki 1973 misuli yake ikiwa imegeuka mfupa.